Makala Niliyomsomea Mama Rukia

Mama Rukia amefariki huko Tanga, mwezi uliopita. Habari zilinifikia nikiwa nimesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nyekundu imewaka, simu ikitetemeka kwenye kiti cha pembeni. Rukia, binti yake, aliandika kwenye kundi la watu tuliowahi kupanga kwa mama yake Johannesburg. Baada ya kupokea pole zetu akaomba kitu kimoja: mwenye picha ya mama ya miaka ile aitume, maana mama alikuwa hapendi kupigwa picha na wao watoto hawana nyingi. Nilitafuta siku mbili. Nimelala kwenye nyumba ya mwanamke yule mwaka mzima, nimekula chakula chake, nimeuguzwa naye nilipopata homa, na picha ya uso wake sina hata moja. Ninayo moja tu, ya mgongo, nayo ilipigwa na mgeni niliyemleta mimi. Sikuituma. Nimeona afadhali niandike ilivyopigwa.

Mwaka ulikuwa 2016, nami nina miaka ishirini na sita, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Johannesburg nilikuwa na kazi ya kukaa kwenye kiti. Kabla ya hapo nilikuwa nasuka nywele Jeppestown, kwenye chumba ambacho zamani kilikuwa karakana, miguu imevimba kila jioni. Ndipo mteja mmoja akaniambia kuna mradi wa chuo kikuu pale Braamfontein unatafuta wasomaji wa Kifaransa, na Kifaransa cha shule za Bukavu ninacho cha kutosha. Kazi yenyewe ilikuwa kusoma magazeti ya Ulaya, kila makala inayowataja Waislamu, na kuijazia fomu. Fomu haikuuliza kama makala ni nzuri au mbaya. Iliuliza vitu vidogo: nani anazungumza kwanza, Mwislamu anasema mwenyewe au anasemwa na wengine, ametajwa kwa jina au kwa dini tu, pichani anaonekana uso au mgongo. Mwanzoni niliyaona maswali ya kitoto. Baada ya miezi miwili nilikuwa nafungua ukurasa na kukisia majibu kabla sijasoma neno. Mwanamke: mgongo, kitambaa, mfuko wa sokoni. Wanaume: wengi, wameinama. Anazungumza polisi, anazungumza jirani, anazungumza mwanasiasa, na Mwislamu mwenyewe yuko chini kabisa, karibu na tangazo la magodoro, akisema kwamba yeye hana ubaya na mtu. Mwaka ule mabomu yalikuwa yamelipuka kweli Ulaya na watu wamekufa kweli, sisemi kwamba waandishi walikuwa wanaota. Nasema tu kwamba aliyelipua bomu walituonyesha uso wake, jina lake na shule aliyosoma, na muuza mboga ambaye hajalipua chochote walituonyesha mgongo.

Kila makala ilisomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, bila kuulizana. Mwenzangu alikuwa Salim, Mkenya wa Mombasa aliyekuwa anasomea shahada yake ya uzamili, Kifaransa chake kizuri kuliko changu na mwenyewe anajua. Kila Alhamisi mchana tuliweka fomu zetu mezani na kulinganisha. Tulipotofautiana tulibishana mpaka mmoja akubali, na sheria ya mabishano ilikuwa moja tu: tunaandika yaliyomo kwenye makala, siyo tunayoyajua sisi. Mimi nilikuwa mvunjaji mkubwa wa sheria hiyo. Nikianza kusema, “Lakini Salim, huyu mama bila shaka alikuwa na sababu yake,” yeye hugonga meza kwa kalamu na kusema, “Yaliyomo, Furaha. Yaliyomo.” Nilikuwa nakasirika. Sasa ndiyo sauti ninayoisikia nikisoma gazeti lolote.

Nyumba ya Mama Rukia ilikuwa Kensington, nyuma ya barabara yenye maduka madogo, nyumba ya zamani yenye sakafu ya mbao inayolia ukiikanyaga. Aliikodi yote, akakaa yeye chumba kimoja, kaka yake Hamisi kingine, na vilivyobaki akatupangisha sisi, vijana wawili wa Tanga na mimi. Barazani aliweka cherehani zake mbili. Alishona kanzu za watoto wa madrasa, lakini kazi iliyojaza baraza ilikuwa sare za kwaya, kwaya zetu sisi Wakongomani, ambazo zikikaa mwaka bila kubadilisha rangi zinajiona zimerudi nyuma kiroho. Jumamosi ungewakuta akina mama wa kwaya wamemzunguka wanabishana, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kifaransa, naye katikati na tepu yake shingoni. “Zambarau mmevaa Pasaka, zambarau mmevaa harusi ya mchungaji. Hebu tuonyesheni rangi nyingine na sisi Waislamu tufurahi.” Wanacheka mpaka wanaegemea ukuta. Jikoni alipika wali kwa nazi ya kopo huku akiilaumu ile nazi tangu kopo linapofunguliwa mpaka sahani zinapooshwa, na mimi alinipa ukoko kila siku kwa sababu siku moja, nikiwa mgeni, niliuomba.

Hapo jikoni ndipo nilipowajua yeye na binti yake. Rukia alikuwa ameolewa na Mrundi, wakaenda kuishi Brussels, na kila Jumapili jioni alipiga simu. Mama Rukia aliweka sauti wazi ili mikono ipate kukata vitunguu, kwa hiyo sote tulisikiliza bila kutaka. Jumapili moja Rukia alisema, “Mama, leo kwenye basi mwanamke mmoja kahama kiti.”

“Kahama kwa nini, unanuka?”

“Mama!”

“Basi labda alikuwa anashuka.”

“Hakushuka. Kaenda kusimama nyuma. Na viti vipo.”

Mama Rukia alikaa na kisu hewani, kisha akaendelea kukata. Akamuuliza habari za ujauzito, za baridi, za mume. Simu ilipokatika alinitazama mimi, maana ndiye niliyekuwa karibu. “Hawajui katoka kwa nani,” alisema. “Wangemwona mama yake wangeona haya.” Aliamini hivyo kabisa. Aliamini kwamba watu wa Brussels hawana shida ila moja, hawajapata nafasi ya kumjua mama yake Rukia. Nilitabasamu moyoni, mimi niliyejaza fomu, msomi wa ghafla. Leo naona yeye ndiye aliyekuwa na heshima kwa wale watu kuliko sisi sote wa Braamfontein.

Mwezi wa nane alikuja mwandishi wa habari kutoka kule kule Ulaya. Alikuja ofisini kumhoji mkuu wetu wa mradi, akakaribishwa chai, akaambiwa mimi ni mmoja wa wasomaji. Alikuwa na adabu, anasikiliza kichwa kimeinama upande, jina lake Didier. Alisema amechoka na makala za aina moja. Anataka nyumba ya kawaida ya Waislamu, hapa Afrika, wanavyopika, wanavyoishi na majirani wasio Waislamu. Nikasema, “Mimi naishi kwenye nyumba hiyo.” Nilivyolisema lile neno nilijiona mtu. Miaka mitatu Johannesburg, mtu pekee aliyewahi kuniuliza ninachojua alikuwa mteja anayetaka kujua nywele zitakaa wiki ngapi.

Mama Rukia alifikiri siku mbili. Huyu ni mtu ambaye simu ikiinuliwa kupiga picha anageuza uso. Siku ya tatu aliniuliza, “Gazeti hilo linasomwa huko aliko Rukia?” Nikamwambia linasomwa. “Na hao wa kwenye basi?” Nikamwambia huenda. “Basi aje Jumamosi. Na mwambie apige uso.” Mimi nilikuwa nimejaza mgongo, mgongo, mgongo, kwa miezi sita. Ningeweza kukaa naye pale jikoni nikamwambia ninayoyaona kila siku, kisha akaamua mwenyewe. Sikumwambia. Nilidhani makala yetu itakuwa tofauti kwa sababu mimi nitakuwepo.

Jumamosi ile alivaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya Idi. Alipika pilau na mbaazi, akaweka na achari. Akina mama wa kwaya walikuja kuchukua sare, wakakaa kula, wakamwimbia mgeni wimbo. Didier alikula mara mbili, akasifu, akacheka tulipocheka. Alipiga picha nyingi: Mama Rukia na cherehani, Mama Rukia na mwanakwaya amemshika bega, Mama Rukia anatazama kamera moja kwa moja, mgumu kidogo mdomoni, kama mtu anayepimwa presha. Nilitafsiri kila alichosema. “Mwambie binti yangu yuko kwao. Mwambie ni mtoto mpole, akipanda basi anampisha mzee. Mwambie wamtazame tu usoni.” Didier aliandika. Kisha upepo wa Agosti ukaleta vumbi barazani, Mama Rukia akainuka haraka kufunga mlango vitambaa visichafuke, na nyuma yake nikasikia kamera ikilia mara mbili. Niliisikia vizuri. Nikaendelea kukusanya sahani.

Didier alinipa lifti mpaka madukani. Njiani akaniuliza, kwa sauti ya mazungumzo tu, kama mimi Mkristo sikuwahi kuogopa kuishi pale. Nikataka kuwa mkweli, na zaidi nilitaka kuchekesha. Nikamwambia wiki za kwanza niliogopa. Alfajiri, ng’ambo ya ukuta wangu, Hamisi alisalisha kwa sauti, wengine wakaitikia Amina kwa pamoja, na mimi niliyetoka kwetu na maneno ya mchungaji wetu kichwani nilivuta blanketi mpaka shingoni nikangoja kuche. Nikamwambia pia kwamba sasa sihitaji kengele ya simu, wao ndio wananiamsha, na wakianza sala yao nami naanza yangu. Nikamwambia kwamba kanisani kwetu tunapiga kelele za maombi mpaka majirani wanaita polisi, na hajapata kuja mwandishi kuuliza kama tunaogopesha. Alicheka sana. Kwenye robot akatoa daftari akaandika.

Makala ilitoka wiki tatu baadaye. Niliiona ofisini asubuhi, kwa sababu gazeti lile lilikuwa mojawapo ya magazeti yetu ya mradi. Kichwa chake kilizungumzia hofu ya alfajiri Johannesburg. Sentensi ya kwanza ilikuwa mimi: Furaha, mpangaji Mkristo, anavuta blanketi hadi shingoni. Kisha akaja mtaalamu wa usalama, ambaye nadhani Kensington hajawahi kufika, akazungumza juu ya nyumba za kupanga na vijana wasio na kazi na fedha zinazotoka nje. Mama Rukia alikuwa aya ya mwisho, hana jina: mama mmoja mwenye hijabu anasisitiza kwamba binti yake, anayeishi Ulaya, ni mpole. Kwaya haikuwemo. Pilau haikuwemo. Picha ilikuwa mgongo wa kijani na mlango unaofungwa. Nilisoma mara tatu nikitafuta neno la uongo ili nipate mtu wa kumkasirikia, sikulipata. Kila neno lilikuwa limesemwa na mtu. Upepo tu ndio haukuandikwa.

Nilitoa maandishi kwenye printa bila picha. Jioni nilimkuta Mama Rukia jikoni, mezani, mikono mitupu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Akasema, “Imetoka?” Nikasema imetoka. “Nisomee basi.” Nikavuta kiti. Nilikuwa nimekusudia kusema kweli, naapa, lakini alikuwa amevaa miwani yake ya kushonea, kana kwamba naye atafuatilia mistari, na nilipofungua mdomo ilitoka makala nyingine. Nikasoma kwamba katika nyumba moja ya Kensington anaishi fundi cherehani, Bi Mwanaidi wa Tanga, jina lake mwenyewe, ambaye mikono yake huvalisha watoto wa madrasa na waimbaji wa kanisa. Nikasoma pilau. Nikasoma utani wa zambarau. Nikasoma kwamba ana binti Brussels, mpole, anayewapisha wazee kwenye basi, na kwamba atakayemwona amtazame usoni. Niligeuza kurasa mahali pasipo na haja ya kugeuza. Kifaransa kilikuwa mbele ya macho yangu na mimi natunga, na ninajua ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya.

“Na picha?” aliuliza.

“Printa imekataa, Mama. Wino. Lakini ni nzuri, unacheka.”

“Nacheka?”

“Kidogo.”

Alivua miwani. “Ahsante, mwanangu,” akasema, akainuka kunipakulia. Siku ile hakunipa ukoko, nikadhani wali haukushika.

Alhamisi ikafika. Kwenye fomu yangu, pale panapouliza nani anazungumza kwanza, niliandika Mwislamu, nikijiambia kwamba nyumba ni ya Mwislamu. Salim aliweka fomu yake kando ya yangu. Alikuwa ameandika: jirani, Mkristo, kwa jina. Alinitazama. Sikukuu ya Idi alikuwa amekula kwa Mama Rukia, akaondoka na bakuli.

“Furaha, huyu ni wewe?”

“Ni miye.”

“Na ulisema hivi?”

“Nilisema. Lakini nilisema na mengine, Salim. Nilimwambia wananiamsha, nasali nao. Nilimwambia juu ya kanisa yetu.”

“Yamo?”

“Hayamo.”

Hakugonga kalamu. Aliisukuma tu fomu upande wangu, akageukia dirisha akanipa nafasi. Nikafuta nilichoandika, nikaandika jina langu mwenyewe kwenye kisanduku cha jirani anayeogopa. Tukafika kwenye picha. “Mgongo,” nikasema. “Mgongo,” akasema, akaandika. Kisha akasema taratibu, “Eish, mama yule.” Hiyo ilitosha kunirudisha Kensington kabla ya saa ya kazi kwisha.

Alikuwa barazani, anatia pindo. Nikasimama mbele ya cherehani. “Mama, ile makala, sikukusomea ile yenyewe.”

Alikata uzi kwa meno. “Najua.”

“Unajua nini?”

“Rukia alinisomea kwa simu asubuhi ile ile, kabla hujarudi. Alikuwa analia, nikamwambia asome polepole nisikie.”

Nilikosa pa kuweka mikono. “Sasa mbona uliniacha nisome vile mpaka mwisho?”

“Uliingia na makaratasi yako, uso umekupauka. Nikasema ngoja nimsikilize mtoto huyu atasema nini.” Akageuza kitambaa, akakinyoosha kwenye goti. “Ulisoma vizuri. Hayo ndiyo niliyotaka wayaandike.”

Nililia pale pale, nimesimama. Hakunikataza wala hakunishika. Aliningoja kama anavyomngoja mteja amalize kuvaa. Halafu akauliza, “Ile ya blanketi, ulisema wewe?”

“Nilisema.”

“Ni kweli?”

“Siku za mwanzo tu, Mama. Nilimwambia kwa kuchekesha.”

“Miezi yote hii unakula jikoni kwangu,” alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo, “hukuniambia hata siku moja kwamba unatuogopa. Ungeniambia ningekaa nawe nikakueleza tunasema nini. Ukaenda kumwambia mgeni, kwenye gari.” Akarudi kwenye pindo lake. Baada ya muda akaniambia chakula kiko tayari, nikale kabla hakijapoa.

Watu huniuliza magazeti yale yalinifundisha nini, maana siku hizi nafundisha mambo hayo, na huwa nawaeleza juu ya fomu, na nani anazungumza kwanza. Haya ya asubuhi iliyofuata sijawahi kuwaeleza. Niliamka muda ule ule niliozoea, nikasikia sakafu ikilia, nikasikia maji bafuni na kikohozi cha Hamisi, kisha sikusikia kitu. Nikadhani wamesafiri. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nilimkuta Hamisi getini, nikamuuliza kama siku hizi hawasali nyumbani. “Tunasali,” alisema. “Dada katuambia tushushe sauti, kuna mtu anashtuka.” Alisema bila kinyongo, akanitakia kazi njema. Baadaye Salim aliniambia kwamba sala ya alfajiri kawaida yake ni kusomwa kwa sauti.

Nilikaa pale miezi mitatu zaidi. Mama Rukia aliendelea kunipakulia, aliendelea kuniita mwanangu, na alipoumwa mgongo mimi ndiye niliyemsugua dawa. Lakini kila alfajiri nililala macho wazi nikisikiliza watu wanaosali kwa kunong’ona nyumbani kwao ili mimi nisiogope. Mara kadhaa niliinuka nikafika mlangoni, nimeshika kitasa, maneno ninayo mdomoni: salini kama zamani, tafadhali. Nilisimama hapo mpaka nikawasikia wakikunja mikeka, nikarudi kitandani. Desemba nilihama, na asubuhi ya mwisho nayo walisali kimya.